Jina, Lebo na Mnunuzi: Historia ya Upotoshaji Halali katika Biashara ya Afrika Mashariki, kutoka Merikani hadi Madukani Mutanga Sud

Ikisiri

Makala haya yanachunguza aina moja ya udanganyifu wa kibiashara ambao sheria aghalabu huuacha upite, yaani ule unaotumia maneno ya kweli. Kwa kuanzia na lebo ya mafuta ya kupikia katika duka la Mutanga Sud, Bujumbura, makala yanarudi nyuma hadi biashara ya kitambaa cha merikani katika karne ya 19, kisha yanafuatilia sheria za alama za biashara, sabuni, sigara na maziwa ya watoto wachanga. Hoja kuu ni kwamba kila bidhaa hubeba majina mawili: lile lililochapishwa na mtengenezaji, na lile linalotungwa na wanunuzi kutokana na wanachokiona na kukielewa. Sheria hulipima la kwanza na hulipuuza la pili, na upotoshaji halali hukaa katikati ya majina hayo mawili. Makala yanahitimisha kwamba kutafsiri lebo kwa Kiswahili, ingawa ni hatua ya lazima, hakutoshi, na yanapendekeza lebo zipimwe kwa uelewa wa mnunuzi.

1.0 Utangulizi

Katika duka moja la mtaani Mutanga Sud, mtaa wa makazi ulio jirani na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, mzee mmoja aliomba mafuta ya kupikia kwa maneno haya: "Nipe yale ya moyo." Muuzaji hakuuliza zaidi. Alinyoosha mkono akachukua chupa iliyochorwa moyo mwekundu, yenye maandishi ya Kifaransa na Kiingereza yanayosema kwamba mafuta yaliyomo hayana kolesteroli. Mzee alieleza kwamba daktari amemwonya mama watoto kuhusu shinikizo la damu, na kwamba mafuta hayo, ingawa bei yake inazidi ile ya mawese yanayouzwa kwa kupimwa, ndiyo yasiyo na hatari. Upande wa nyuma wa chupa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba yaliyomo ni mafuta ya mawese yaliyosafishwa.

Hakuna neno la uongo katika lebo ile. Kolesteroli hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama, na mafuta ya mimea hayana kiasi chake cha kutajwa. Kwa hiyo dai hilo ni la kweli kwa chupa ile kama lilivyo la kweli kwa mawese ya Rumonge yasiyo na lebo yoyote. Hata hivyo, karibu nusu ya asidi za mafuta katika mawese ni zile zilizoshiba, ambazo zikiliwa kwa wingi huongeza kolesteroli katika damu ya mlaji. Mzee yule alikuwa amelipa zaidi kwa ajili ya mafuta ya jamii ileile aliyodhani anaikwepa, na aliyemfikisha hapo ni sentensi ya kweli.

Wanaisimu wana namna ya kulieleza jambo hili. Grice (1975) alionyesha kwamba katika mazungumzo msikilizaji huelewa zaidi ya kinachosemwa, kwa kuwa hudhani msemaji anasema jambo kwa sababu lina maana mahali pale. Mtu akitangaza kwamba mbuzi wake hana mabawa, tutajiuliza kama wa jirani anayo. Vivyo hivyo, chupa ikitangaza kwamba haina kolesteroli, mnunuzi hudokezewa kwamba chupa nyingine zinayo. Kidokezo hicho ni cha uongo, lakini hakikuandikwa popote, na mtu hashitakiwi kwa jambo ambalo hakuliandika.

Makala haya yanauliza: ni kwa njia gani tumefika mahali ambapo neno la kweli linaweza kupotosha bila kuvunja sheria, na mtaalamu wa lugha ana wajibu gani hapo? Ili kujibu, tuzingatie maneno "yale ya moyo". Hayakuchapwa kwenye chupa. Ni jina lililotungwa na wanunuzi kutokana na mchoro. Historia ya biashara katika ukanda huu imejaa majina ya namna hiyo, na kongwe lenye mafunzo mengi kuliko yote ni merikani.

2.0 Merikani: jina lililobaki, kitambaa kilichobadilika

Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitia saini mkataba wa urafiki na biashara na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara kutoka Salem, Massachusetts, akawa konsuli wa kwanza wa Marekani Zanzibar. Meli za Salem zilikuja kuchukua pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Zilicholeta kwa wingi ni kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kizito na cha kudumu, kilichofumwa katika viwanda vya kaskazini-mashariki mwa Marekani. Waswahili walikiita kwa jina la kilikotoka: merikani, au amerikani.

Kitambaa hicho hakikuwa vazi tu. Katika njia za misafara kilikuwa fedha. Kilipimwa kwa mikono: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti, na doti kadhaa hufanya jora. Richard Burton, aliyesafiri na John Speke kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika na kufika Uvira, ng'ambo ya Bujumbura ya leo, mwaka 1858, aliandika kwa urefu kuhusu vipimo hivyo na kuhusu aina za nguo zilizokubaliwa kila mahali. Henry Morton Stanley naye, kabla ya kuondoka pwani mwaka 1871, ilimbidi ajifunze ni kitambaa gani na ushanga gani unaotakiwa katika kila nchi atakayopita, kwa maana shehena ya aina isiyofaa ilikuwa sawa na fedha isiyopokelewa. Novemba mwaka huo yeye na David Livingstone walifika Mugere, kilomita chache kusini mwa mji wa sasa wa Bujumbura. Misafara iliyobeba merikani hadi ukingo huu wa ziwa ndiyo iliyobeba pia Kiswahili, na katika eneo letu historia ya lugha na historia ya bidhaa haziwezi kuandikwa mbalimbali.

Jambo la kuzingatia katika maelezo ya wasafiri hao ni kwamba mnunuzi wa bara hakuwa mtu wa kupokea chochote. Alikuwa mteuzi, naye alijua anachotaka. Jina merikani lilikuwa na thamani kwa sababu lilibeba ahadi kwamba kitambaa ni kizito, kimekazwa na kitadumu. Jina jema hung'ara gizani, na lenye kung'ara huigwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani (1861–1865) vilikata usambazaji wa pamba na vitambaa. Wafanyabiashara wa Uingereza na India wakaziba pengo. Ni katika miaka hiyohiyo ambapo viwanda vya Lancashire, vikibanwa na uhaba wa pamba, vilizidisha matumizi ya wanga na udongo mweupe wa kaolini katika nyuzi. Matumizi hayo yalikuwa na sababu ya kiufundi, kwa kuwa uzi uliopakwa wanga haukatiki ovyo katika mashine. Lakini yalikuwa na faida nyingine: kitambaa chepesi kilionekana kizito na chenye mwili. Kikifuliwa mara ya kwanza, uzito uliondoka na maji. Aliyekiuza hakusema uongo wowote. Alimwachia mnunuzi aamini mkono wake mwenyewe.

Kufikia mwisho wa karne ya 19 sehemu kubwa ya merikani iliyouzwa Zanzibar ilifumwa Bombay. Katika miaka ya 1930 vitambaa vya pamba vya bei nafuu kutoka Japani vilitawala masoko ya Afrika Mashariki, kwa kuwa mikataba ya Bonde la Kongo, iliyotokana na Mkutano wa Berlin wa 1885 na kurekebishwa Saint-Germain mwaka 1919, haikuruhusu watawala kutoza ushuru wa kibaguzi dhidi ya bidhaa za taifa fulani. Ruanda-Urundi, Tanganyika, Uganda na Kenya zote zilihusika. Muda wote huo mnunuzi aliendelea kusema merikani. Neno lililoanza kama habari ya asili lilikuwa limegeuka kuwa habari ya aina, na mfanyabiashara aliyeuza merikani ya Bombay hakuwa mwongo, kwa sababu hivyo ndivyo kitambaa kilivyoitwa.

Hata hivyo, lugha haikukaa kimya. Pamoja na merikani, Kiswahili kilikuwa na neno ulaiti kwa kitambaa chepesi cha kutoka Ulaya, na majina mengine kwa nguo za kutoka India. Kila palipotokea bidhaa ya kuiga, wazungumzaji walitafuta jina la kuitenga. Hii ndiyo ninayoiita lebo ya pili: lebo ambayo haibandikwi, bali husemwa. Leo sokoni Bujumbura, Goma au Kigoma tunaisikia katika maneno kama orijino, feki na mchina. Muuza vitenge husema waksi ya Holandi na mnunuzi hufunua upindo wa kitambaa kusoma maandishi, huku akijua kwamba neno waksi limekwisha kuwa mali ya kila mtu na kwamba upindo wenyewe waweza kuandikwa sifa yoyote. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kibaya kilichovaa jina la chema hakina haja ya kujitembeza.

3.0 Sheria ya alama na mwanya wa jina la jumla

Je, sheria ilisema nini? Karne ya 19 haikukosa sheria za alama za biashara, bali sheria hizo zilimlinda nani? Mwaka 1887 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Alama za Bidhaa, iliyotaka bidhaa za kigeni zenye alama au maneno ya kufanana na ya Kiingereza zioneshe nchi zilikotengenezwa. Lengo lilikuwa kuwakinga watengenezaji wa Uingereza dhidi ya visu, vyombo na nguo za Kijerumani zilizouzwa kana kwamba ni za Uingereza. Matokeo yakawa kinyume: maneno yaliyokusudiwa kuwa doa, kwamba bidhaa imetengenezwa Ujerumani, baada ya miaka michache yakageuka kuwa sifa. Kisa hicho ni ushahidi kwamba maana ya lebo haikai katika maneno yake. Hujengwa na wanunuzi, na mtunga sheria hawezi kuiamuru.

Mkataba wa Madrid wa 1891 dhidi ya viashiria vya uongo au vya kupotosha kuhusu asili ya bidhaa ulikwenda mbali zaidi, lakini uliacha mlango wazi. Kifungu chake cha 4 kiliziachia mahakama za kila nchi uamuzi wa majina yapi, kwa kuwa yamekuwa majina ya jumla, hayahusiki na mkataba. Kilichotengwa na ruhusa hiyo ni majina ya maeneo yanayohusu mazao ya mzabibu. Kwa maneno mengine, mvinyo wa Ulaya ulipewa ngome ambayo kitambaa cha bara Afrika hakikupewa. Jina la mkoa wa Ufaransa halikuruhusiwa kugeuzwa neno la kawaida, ilhali jina la nchi nzima liligeuzwa neno la kawaida katika soko letu, na hakuna mahakama iliyoulizwa.

Hapa ndipo upotoshaji halali unapopata makao yake ya kwanza. Sheria hutenganisha uongo na mazoea. Jina likishazoeleka, halidanganyi tena mbele ya sheria, hata kama mnunuzi bado analisikia na ahadi yake ya zamani.

4.0 Ukweli unaopotosha: sabuni, krimu na sigara

Makao ya pili ni neno la kweli lililochaguliwa ili lifiche jambo. Mfano mchungu ni sabuni zenye zebaki. Maagizo ya Jumuiya ya Ulaya kuhusu vipodozi ya mwaka 1976 yaliiweka zebaki katika orodha ya vitu visivyoruhusiwa katika vipodozi vya nchi wanachama. Lakini kutengeneza sabuni hizo Ulaya kwa ajili ya kuziuza nje kuliendelea, na ni kanuni ya mwaka 2003 iliyopiga marufuku kusafirishwa kwake. Kwa miaka hiyo yote sabuni ambazo mama wa Ulaya hakuruhusiwa kuuziwa zilisafirishwa kuja Afrika, nyingi zikiitwa sabuni za kuua vijidudu. Dai hilo lilikuwa na ukweli wake, kwa maana misombo ya zebaki huua vijidudu. Mnunuzi, hata hivyo, hakuinunua kwa ajili ya vijidudu. Alijua kutoka kwa shoga zake kwamba inang'arisha ngozi, na ndivyo alivyoiita. Lebo ya kwanza ilizungumza na mkaguzi, na lebo ya pili ilizungumza na mteja. Madhara kwa figo yalimpata yule aliyesoma lebo ya pili.

Mkataba wa Minamata wa 2013 umezikabili bidhaa hizo kimataifa, na nchi kadhaa za ukanda huu zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Lakini tazama jinsi lugha inavyoitangulia sheria. Mkorogo unaweza kukatazwa kwa jina la kemikali, na lebo ikahamia kwenye maneno ya kusawazisha rangi, kung'arisha na kurudisha nuru. Mwaka 2020, katikati ya mjadala wa dunia kuhusu ubaguzi wa rangi, Unilever ilibadilisha jina la krimu yake Fair & Lovely likawa Glow & Lovely. Neno la weupe liliondoka, likaja neno la mng'aro. Kwa mtafiti wa lugha swali linalofuata ni hili: je, mnunuzi aliyeizoea krimu hiyo alielewa kwamba kuna kilichobadilika?

Mfano wa tatu una matumaini zaidi. Kwa miongo mingi kampuni za sigara ziliuza sigara zilizoitwa nyepesi au laini. Vipimo vya mashine vilionyesha kweli kwamba lami yake ni kidogo. Lakini mvutaji si mashine: huvuta kwa nguvu zaidi, huziba matundu ya kichungi kwa vidole, na hupata karibu madhara yaleyale. Mkataba wa Mfumo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu Udhibiti wa Tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika 2005, haukuuliza kama maneno hayo ni ya kweli. Kifungu cha 11 kinakataza neno, alama au jina lolote linalojenga, moja kwa moja au kwa njia nyingine, picha ya uongo kwamba bidhaa fulani ya tumbaku ina madhara kidogo kuliko nyingine, na kinataja maneno ya aina hiyo kuwa mfano. Kwa hiyo sheria yaweza kupima kidokezo. Imekwisha kufanya hivyo pale ambapo kulikuwa na nia ya kisiasa na ushahidi wa kutosha wa namna watu wanavyoelewa maneno.

5.0 Sifa kwa lugha moja, masharti kwa lugha nyingine

Makao ya tatu ya upotoshaji halali ni mgawanyo wa lugha. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika kifungu cha 137, uliifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi na kuitaka Kiswahili ikuzwe kuwa lugha ya mawasiliano ya watu wa Jumuiya. Burundi ilijiunga mwaka 2007. Sheria yake ya lugha ya mwaka 2014 inatambua Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kiswahili, ambacho ni lugha ya kwanza ya wengi katika mtaa wa Buyenzi na lugha ya masoko ya Bujumbura, kimo shuleni na kimo biasharani, bali hakimo katika orodha hiyo. Wakati huohuo rafu za duka la Mutanga Sud zina bidhaa zilizopita Dar es Salaam na Kigoma, na nyingine kutoka Dubai, Uturuki na China. Katika rafu moja mtu anaweza kuona lebo za Kifaransa, Kiingereza, Kiarabu, Kituruki na Kichina, huku mazungumzo ya kununua yakifanyika kwa Kirundi na Kiswahili.

Katika mazingira hayo kinachosomwa na wote ni mchoro: moyo, chungwa lililokatwa, ng'ombe malishoni, mtoto mnene mwenye tabasamu. Kinachosomwa na wachache ni orodha ya viambato. Kinywaji chenye picha ya embe huweza kuwa maji, sukari, rangi na ladha, na jambo hilo likaandikwa wazi kwa lugha ambayo mnunuzi haisomi. Sheria ya kutangaza viambato imetimizwa, na mnunuzi hajaambiwa kitu.

Dunia ilikwisha kulipambanua tatizo hili katika suala la maziwa ya watoto wachanga. Mwaka 1976 mahakama ya Bern, Uswisi, iliwatoza faini wanaharakati waliochapisha kijitabu dhidi ya Nestlé, kwa kuwa kichwa chake kiliishutumu kampuni kwamba inaua watoto; lakini jaji huyohuyo aliitaka kampuni ifikirie upya matangazo yake katika nchi maskini. Hukumu hiyo ilionyesha pengo kati ya kisichokuwa kosa na kisichokuwa sawa. Miaka mitano baadaye, mwaka 1981, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Vibadala vya Maziwa ya Mama. Kifungu chake cha 9 kinataka ujumbe wa lebo uwe dhahiri, usomeke na ueleweke kwa urahisi, katika lugha ifaayo, na kinakataza picha za watoto wachanga. Waliotunga kanuni hiyo walielewa mambo mawili ambayo sheria nyingi za lebo bado hazijayaelewa: kwamba picha ni dai, na kwamba lugha ni sehemu ya ukweli wa lebo.

Kenya imetoa mfano mwingine. Sheria yake ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2007 inataka maonyo ya afya yachapwe kwa Kiingereza na Kiswahili. Hapo Kiswahili kimepewa kazi ya kuonya. Katika sehemu kubwa ya biashara yetu, hali ni kinyume: Kiswahili hupewa kazi ya kusifu, redioni na katika mabango, na masharti yakaachiwa Kiingereza au Kifaransa. Hata pale masharti yanapotajwa kwa Kiswahili, hutajwa bila kuelezwa. Msikilizaji wa redio Tanzania anaijua sentensi inayosomwa mbio mwishoni mwa tangazo: vigezo na masharti kuzingatiwa. Ni Kiswahili sanifu, ni kweli tupu, na haimwambii mtu sharti hata moja.

6.0 Tafsiri haitoshi

Katika mijadala yetu ya sera, jibu linalotolewa mara kwa mara ni kwamba lebo zitafsiriwe kwa Kiswahili. Ninaliunga mkono jibu hilo, lakini historia iliyoelezwa hapo juu inatuonya tusiishie hapo. Tukiitafsiri lebo ya mafuta tuliyoanza nayo, tutapata: "Hayana kolesteroli." Mzee wa Mutanga Sud atadanganyika sasa kwa Kiswahili fasaha, na upotoshaji utakuwa umepata baraka za wataalamu wa lugha.

Misingi ya kufanya vizuri zaidi ipo. Kiwango cha jumla cha Codex kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa, cha mwaka 1985, hakikatazi uongo peke yake. Kinakataza pia uwasilishaji wowote unaoelekea kujenga dhana yenye makosa kuhusu chakula. Mwongozo wa Codex kuhusu madai, wa mwaka 1979, unasema kwamba dai la sifa ambayo vyakula vyote vya aina ileile vinayo linaruhusiwa tu ikiwa jambo hilo liko wazi katika dai lenyewe. Kwa kuwa viwango vya Jumuiya yetu kuhusu lebo na madai ya vyakula vimejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya misingi hiyo, na kwa kuwa Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango, ubora, vipimo na upimaji ipo, hatuhitaji kuanza upya. Kinachokosekana ni jibu la swali la kiisimu: wazi kwa nani, na kwa lugha gani?

Ninapendekeza mambo manne.

Kwanza, dai lolote linalohusu kundi zima la bidhaa liandikwe pamoja na kundi hilo. "Hayana kolesteroli, kama mafuta yote ya mimea" ni sentensi fupi, na huondoa kidokezo cha uongo bila kumnyima mtengenezaji haki ya kusema ukweli.

Pili, lugha ya sifa iwe lugha ya viambato. Anayesifu bidhaa yake kwa Kiswahili au Kirundi upande wa mbele aitaje kwa lugha hiyohiyo upande wa nyuma, kwa herufi zinazosomeka.

Tatu, kabla ya kuidhinisha lebo yenye dai la afya, idara za viwango, zikiwemo BBN ya Burundi, TBS ya Tanzania na KEBS ya Kenya, ziwasomee au ziwaoneshe lebo hiyo wanunuzi wa kawaida na kuwauliza wameelewa nini. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na wanakemia peke yao. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, pamoja na idara za lugha za vyuo vikuu vyetu, zina watu wanaoweza kuifanya.

Nne, tukusanye lebo za pili. Majina ambayo wanunuzi huzipa bidhaa, kama "yale ya moyo", ni ushahidi wa dhana iliyojengwa na lebo, na yarekodiwe sokoni kama tunavyorekodi methali na istilahi.

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni ya gharama: mama anayetengeneza sabuni au maji ya matunda nyumbani ataumizwa na masharti mapya. Jibu ni kwamba masharti haya hufuata madai. Asiyedai kitu hana la kuongeza, na mzigo humwangukia anayesifu zaidi. Ya pili ni ya lugha: Kiswahili hakisomwi na kila Mrundi, na katika vilima vya mashambani Kirundi ndicho lugha ya wote. Hilo ni kweli, na kwa sababu hiyo kigezo kisiwe lugha iliyoteuliwa mezani, bali lugha ambayo ununuzi unafanyika ndani yake. Mutanga Sud zitahitajika mbili. Kwingine itatosha moja.

7.0 Hitimisho

Kutoka merikani ya karne ya 19 hadi chupa ya mafuta ya leo, upotoshaji halali umeishi katika sehemu tatu: jina lililozoeleka, neno la kweli lenye kidokezo cha uongo, na mgawanyo wa lugha kati ya sifa na masharti. Sheria zilizofanikiwa kuubana, kama zile za tumbaku na maziwa ya watoto, ni zile zilizoacha kuuliza tu kama neno ni la kweli, zikauliza mnunuzi ameelewa nini.

Wanunuzi wa ukanda huu hawakuwahi kuwa wajinga. Waliojua kutofautisha merikani na ulaiti kwa kugusa ni mababu wa wanaofunua upindo wa kitenge leo. Lakini mafuta hayapimwi kwa kidole, wala zebaki haionekani katika sabuni. Bidhaa za wakati wetu zimeficha ubora wake mahali ambapo mkono haufiki, na mnunuzi amebaki na lebo peke yake. Kwa mzee anayempikia mkewe mgonjwa, kuandika lebo hiyo kwa lugha anayonunulia ni suala la afya ya nyumba yake. Kuihakiki kwa niaba yake ni kazi ambayo watafiti wa lugha katika ukanda huu wanaweza kuianza sasa, katika duka lililo karibu na kila chuo.